Diski Iliyotunzwa Kabatini

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, mwenye mashine ya kusaga pale Ntobeye, alisema mtu aliyeondoka na begi la shule akarudi na mabegi matatu ya nyaya hajarudi na kitu, maana nyaya haziliwi. Na katibu wa hospitali moja ya misheni upande wa Biharamulo, ambaye ndiye aliyenipa kazi ninayoieleza hapa, alisema mbele ya wauguzi wake kwamba mafundi wawili kutoka Mwanza walishaiangalia seva yao wakakataa kuigusa, sasa huyu wa Ngara mwenye stashahada tu ataihamisha kwa miujiza gani. Niliwasikia wote. Jibu langu lilikuwa mikononi.

Stashahada hiyo niliipata mwenyewe. Nilibeba maboksi Kariakoo kwa mfanyabiashara wa kompyuta zilizotumika, nikasugua kibodi za watu kwa mswaki, jioni nikaenda darasani nikinuka vumbi la plastiki. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikiwa najua kazi ambayo kutoka Kabanga hadi Biharamulo sikuona mwingine anayeijua, na nilirudi na msimamo mmoja: siazimi kitu cha mtu. Hata nyundo. Mtu anayeazima nyundo anaazima na maneno ya mwenye nyundo.

Sasa niseme nilichokikuta.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani ya mashuka. Dirisha lilizibwa kwa mfuko wa saruji. Kwa kuwa seva inatoa joto, watumishi walikuwa wamekifanya kile chumba kuwa mahali pa kuanikia. Juu ya mashine iliyobeba hospitali nzima zilikuwapo soksi mbili za mtu, bado na unyevu, na sahani ya bati yenye mabawa na miguu ya senene waliokwisha kuliwa. Nilipofungua mfuniko, harufu ya mkojo wa panya uliopashwa moto na umeme ikanipiga usoni. Nimesugua kompyuta chafu nyingi, lakini ile sikuwahi kukutana nayo. Kulikuwa na vinyesi vya mende vimeganda kama pilipili manga. Kulikuwa na mjusi aliyekauka, mkia wake umeshikwa na feni. Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikavuta hewa, na muuguzi mmoja aliyepita akaniuliza kama nina malaria.

Na seva mpya? Ilikuwepo. Ilikuwa imekaa kwenye boksi lake ofisini kwa katibu kwa miezi mingi, na boksi lilikuwa limegeuzwa meza ya chupa ya chai. Juu yake kulikuwa na duara za vikombe, moja juu ya nyingine. Kila mtu aliogopa kulifungua, basi wakawa wananywea chai juu yake.

Kwa asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Ndani ya ile mashine moja ya chuma zilikuwa zinaishi seva tatu zisizo na mwili, ambazo sisi tunaziita seva pepe. Moja ilitunza mafaili ya wagonjwa, ya pili majibu ya maabara, ya tatu dawa. Kila seva pepe ina mipangilio yake: ipewe kumbukumbu kiasi gani, itumie diski ipi, iitwe kwa anwani gani kwenye mtandao, kadi yake ya mtandao iwe na namba gani. Kubadilisha chuma maana yake ni kunakili hizo seva pepe pamoja na mipangilio yake, kisha kuzirudisha kwenye chuma kipya ziamke kama vile hazikuhama. Ukinakili seva ukaacha mipangilio, umembeba mgonjwa ukaacha cheti chake.

Mashine ile ilikuwa na diski mbili zilizoandikwa mambo yaleyale, ili moja ikifa nyingine iendelee. Moja ilishakufa. Ya pili ilikuwa inatoa sauti ya mtu anayesaga meno usingizini.

Ikifa ile, mafaili ya wagonjwa yamekwenda. Na watu wa kule wanatembea kutoka vijiji vya mbali na kikadi chenye namba tu. Watoto wa selimundu, wazee wa presha, watu wa kifua kikuu, dozi zao zote zilikuwa mle ndani na si mahali pengine. Nikauliza mafaili ya zamani ya karatasi yako wapi. Nikaambiwa yalipoanza kujaza nafasi yaliuzwa kwa kilo, na wanawake wa sokoni wakayafungia karanga. Watu wamekula karanga kutoka kwenye vipimo vya makohozi ya majirani zao, na aliyeniambia alikuwa anacheka.

Kwa hiyo nilimuuliza katibu swali ambalo fundi yeyote huuliza kwanza: bakapu ipo? Yaani nakala ya akiba.

Katibu alijinyoosha kwenye kiti. Alikuwa mtu mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Ipo," akasema. "Tena ina daftari."

Akamwita mzee wa masjala, ambaye alikuwa akitunza kumbukumbu pale tangu enzi za mashine ya kupiga chapa. Mzee akaja amelikumbatia daftari kubwa lenye jalada gumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalifungua. Nikiri kwamba kwa dakika moja nilivutiwa. Kila Ijumaa, bila kuruka hata moja, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani: tarehe, "Bakapu ipo", sahihi. Kila mwisho wa mwezi sahihi ya katibu na muhuri. Mahali pengine wakaguzi walikuwa wameandika kwa wino wa kijani, "Vizuri sana."

Nikaomba kuiona. Mzee akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni, ndani ya shati, akafungua kabati la chuma. Kwenye rafu ya juu, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, ilikuwapo diski ya nje. Ilikuwa bado kwenye plastiki yake ya dukani.

"Mzee," nikasema, "hii imewahi kuchomekwa?"

"Kuchomekwa wapi?"

"Kwenye seva."

Akanitazama kama niliyemtukania mtoto. "Mwanangu, kitu cha kutunza unakichomekaje? Si kingekuwa kimeshachakaa? Iko sarama hapo tangu siku ya kwanza."

Kwao l na r hubadilishana viti, sikumshangaa kwa hilo. Nilichoshangaa ni jinsi nilivyomwelewa. Fundi wa kwanza, yule aliyefunga seva ya zamani, alimwambia akiwa anakimbilia basi kwamba kila Ijumaa ahakikishe bakapu ipo. Na mzee akahakikisha. Kila Ijumaa alifungua kabati, akaiona ipo, akafunga, akasaini. Hakudanganya hata siku moja. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Nyumbani kwa mama yangu kuna vikombe vya wageni ambavyo havijawahi kuguswa na mdomo wa mtu, na makochi yenye plastiki inayonata mapajani. Kitu cha thamani kwetu hakitumiki, kinatunzwa, na anayekitunza anaheshimiwa. Nilimwelewa kabisa, na kuelewa kwenyewe kukanichefua zaidi, maana mtu huwezi kuukimbia uchafu uliokulia ndani yake.

Lakini katibu sikumwelewa. Yeye alikuwa amesoma. Alipiga muhuri kila mwezi juu ya kitu ambacho hakuwahi kukitazama, akampa mkaguzi, mkaguzi naye akapiga kijani chake. Mzee mmoja mwaminifu alikuwa amebeba uvivu wa wote hao wenye vyeo.

Nilichana ile plastiki palepale. Bati la paa juu ya kabati lilikuwa linavuja, na maji yalikuwa yameingia kwenye mkunjo wa chini. Kwenye tundu la kuchomekea kulikuwa na mayai ya sisimizi, meupe, yamejipanga. Niliyatoa kwa sindano. Nilipoichomeka, ile diski ikalia tik, ikalia tik tena, ikanyamaza moja kwa moja. Mzee wa masjala akakaa chini kwenye kiti cha wagonjwa.

Katibu akasema basi tusubiri bajeti ya mwaka ujao. Nikamwambia ile diski ya seva haisubiri bajeti, aende akaisikilize mwenyewe inavyosaga. Hakwenda. Alichofanya ni kuchukua karatasi na kuniandikia kwamba mafaili ya wagonjwa yakipotea, aliyepoteza ni mimi. Akaniwekea kalamu juu yake. Nilisaini. Kama ningekataa angesema Ngara hakuna fundi, na mashine ingekufa hata hivyo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Biharamulo mjini hakukuwa na diski ya ukubwa ule, na ya kuagiza Mwanza ingefika wiki inayofuata. Kwa hiyo mimi, nisiyeazima nyundo, nilipanda basi kwenda kuazima.

Nilijua mtu mmoja tu mwenye diski kubwa. Ni mpiga video za harusi pale Kabanga, mpakani, tuliyesoma naye shule ya msingi. Huwapiga video maharusi wa pande zote mbili za mpaka, na diski yake ilikuwa imebeba mabibi harusi na madebe ya bia ya ndizi. Alinipokea akiwa ameegemea mlango, anatafuna muwa.

"Karibu, Bwana Kariakoo. Umepotea njia?"

Nikamweleza shida yangu.

"Kwa hiyo unaazima," akasema.

"Ndiyo."

"Sema vizuri, hawa wabadilisha fedha hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti. Wabadilisha fedha waliokuwa kwenye benchi mbele ya duka lake wakageuka. Akatema ganda la muwa, akaingia ndani, akanipa diski na sharti moja. "Nusu iko wazi, tumia. Ukifuta harusi ya mtu, mume wake namwelekeza kwako."

Nikarudi kwa kupitia Ntobeye, maana umeme wa Biharamulo si wa kuuamini na jenereta ya hospitali inahudumia chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi tu. Mjomba alikuwa na jenereta ndogo ya akiba pale mashineni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapangusa unga kwenye nyusi. Halafu akasema, "Nyaya haziliwi, ila naona zinakunywa petroli." Wateja wake wakacheka. Akanipa jenereta, akanipa na kamba ya kuifungia. Nilibeba vyote viwili, jenereta na kicheko chao.

Jumamosi asubuhi nilianza kwa kusafisha, kwa sababu siwezi kufanya kazi ya akili juu ya mavi ya mende. Nilitoa ndoo nzima ya uchafu. Nikarudisha sahani ya senene jikoni na soksi nikazitupa. Hakuna aliyekuja kuzidai. Kisha nikawasha jenereta, nikaunganisha diski ya harusi, nikaanza kunakili.

Diski ya seva ilisaga meno siku nzima. Ilikuwa ikifika mahali inakwama, halafu inaendelea. Wakati nasubiri nilifanya jambo ambalo wenzangu chuoni walikuwa wakinicheka kwalo. Nilifungua mipangilio ya kila seva pepe kwenye skrini nikainakili kwa mkono kwenye daftari la shule, namba kwa namba, herufi kwa herufi. Kariakoo nilishaona mafaili yanadanganya. Wino haujawahi kunidanganya.

Saa kumi jioni nakala ya tatu ikakamilika. Nilizima mashine ile kwa utaratibu, nikaiacha ipoe, nikajaribu kuiwasha tena kwa uhakika tu. Haikuwaka. Nikajaribu tena na tena. Diski haikusaga hata jino moja. Wakati ule mafaili yote ya wagonjwa wa hospitali yalikuwa mahali pamoja tu duniani, katikati ya harusi za Kabanga.

Jumapili nikafungua boksi la seva mpya, duara za chai na yote. Ilikuwa safi ndani mpaka nikaona aibu kuiingiza kwenye kile chumba. Kwaya ilikuwa inaimba kanisani, madirisha yanatetemeka. Nikaweka mfumo, nikarudisha seva pepe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zikaamka. Nikakimbia mapokezi nikawasha kompyuta. Mfumo wa wagonjwa ukafunguka, halafu ukaleta mstari mmoja mwekundu: leseni si halali.

Katibu alikuwa ametoka misa, suti imembana, amesimama nyuma yangu na mzee wa masjala.

"Nilisema," katibu akasema.

Nilipiga simu kwa kampuni iliyouza ule mfumo. Sauti iliyorekodiwa ikaniambia nipige siku za kazi. Mafaili yalikuwepo, nilijua yapo, lakini yalikuwa nyuma ya mlango uliokataa ufunguo. Kesho yake saa moja asubuhi foleni ingekuwa imefika getini. Katibu akatoa ile karatasi niliyosaini akaikunjua, alikuwa amekwenda nayo mpaka kanisani.

Nikakaa chini. Nikafungua daftari langu la shule, nikaweka kidole kwenye mipangilio ya seva ya kwanza, nikalinganisha na ilivyo kwenye skrini. Kumbukumbu sawa. Diski sawa. Anwani sawa. Namba ya kadi ya mtandao: si sawa. Hapo nikajua. Wakati wa kurudisha niliweka alama kwenye kisanduku kinachoipa seva pepe namba mpya za kadi, kama vile ni seva nyingine kabisa. Na leseni ya ule mfumo ilikuwa inaitambua seva yake kwa namba ile ya zamani. Nilikosea mwenyewe, kwa haraka zangu. Nasema bila kuficha, kwa sababu niliyegundua ni mimi na niliyerekebisha ni mimi, na hakuna fundi wa Mwanza aliyenisaidia.

Nikaizima seva, nikaandika namba ya zamani kutoka daftarini, nikaiwasha. Ule mstari mwekundu haukurudi.

"Nipeni namba ya mgonjwa," nikasema. "Yeyote."

Katibu akaanza kupapasa mifuko. Mzee wa masjala akatoa kikadi chake cha presha kwenye pochi, kimechakaa kingo, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Nikaandika namba yake. Faili likafunguka, miaka yote, vipimo vyote, kutoka juu hadi chini. Mzee akasogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ni mimi huyo," akasema polepole. "Hata mwaka nilioanguka kisimani, upo."

Katibu akaikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. Hakuichana. Hakusema asante.

Jumatatu foleni ilikwenda kama kawaida na hakuna mgonjwa aliyejua kitu. Kwenye mkutano wa asubuhi katibu aliwaambia watumishi kwamba "uongozi umefanikisha zoezi la kuhamisha seva". Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, na kucha zangu bado zilikuwa na weusi wa ule uchafu.

Kilichonichefua kuliko vyote kilikuja baada ya hapo. Niliomba hospitali inunue diski yake ili nirudishe ile ya Kabanga. Katibu akasema kuna haraka gani, mwenyewe si hajaidai, tuendelee nayo tu. Mafaili ya wagonjwa wa kifua kikuu yakae kwenye diski ya mpiga harusi, naye mpiga harusi abaki bila kifaa cha kazi, ili ofisi isisaini hati moja ya malipo. Nikamwambia diski hiyo nimeiazima kwa jina langu na haitakaa. Nikaenda na mzee wa masjala kwa daktari mfawidhi, mkuu wa hospitali, mzee akaweka lile daftari lake mezani, akasema mwenyewe, bila kujitetea, kwamba alichokuwa akisaini miaka yote ni plastiki. Daktari aliidhinisha diski siku ileile.

Ilipofika nilimfundisha mzee kuichomeka, kunakili, na, la muhimu zaidi, kurudisha seva pepe moja kwa majaribio ili kuona kama inaamka. Mara ya kwanza aliniuliza kabla ya kila kitufe. Mara ya tatu alinifukuza chumbani akafanya peke yake.

Nilipohakikisha nakala mbili nzima zipo mikononi mwa hospitali, nilifuta mafaili ya wagonjwa kwenye diski ya Kabanga, nikaandika takataka, yaani herufi zisizo na maana, juu ya nafasi ile mara tatu, pasibaki jina la mtu.

Siku ya kurudisha niliondoka alfajiri. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo jenereta ya mjomba ilirudi Ntobeye na tangi limejaa petroli na plagi mpya. Mjomba aliivuta kamba, ikaunguruma mvuto wa kwanza. Akaizima. Akasema kwamba haijawahi kuwaka hivyo tangu ainunue, kisha akawageukia wateja wake akawaambia huyu ni mtoto wa dada yake. Kabanga nilifika saa sita na diski imefungwa ndani ya kikapu cha maharage mapya. Mpiga video aliyapima maharage kwa jicho, akaichomeka diski, akafungua harusi moja moja. Nilisimama. Zilifunguka zote.

"Na za hospitali?" akauliza. "Hukuniachia hata moja nichungulie?"

"Hata moja."

Akacheka, akaniletea soda. Sikuinywa, chupa ilikuwa na alama za vidole vya mtu mwingine. Nilimshukuru kwa sauti, ili wabadilisha fedha wasikie na hilo, nikavuka barabara kwenda kusubiri basi, sidaiwi na mtu hata nyundo.